Kitabu Kimoja, Ndimi Nyingi: Shajara ya Anne Frank na Amana ya Mfasiri

Jioni moja mwaka 2024, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani tukinywa kahawa, na habari za Gaza zimetoka kusomwa redioni. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa heshima zake, akanigeukia akasema: "Maalim, hebu nifahamishe. Watoto wafukiwa vifusini kila uchao, nawe pesa zako wazipeleka kwenye vitabu vya binti wa Kiyahudi. Wakusudia nini?"

Baraza likanyamaza. Mwenye kahawa naye akaacha kugonganisha vikombe.

Sikumjibu usiku ule. Jibu fupi mbele ya mtu aliyenizidi umri lingekuwa utovu wa adabu, na jibu refu lilitaka vitabu vyenyewe viwe mkononi. Nimeona nilitoe hapa, kwani najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Vitabu vyenyewe si vingi. Kabatini mwangu mna nakala nne kuukuu za kitabu kimoja, kila moja na lugha yake. Ya Kiingereza ni toleo la Pan la mwaka 1954, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Niliiokota katika meza ya muuza vitabu vikuukuu mjini Mombasa, imelaliwa na vitabu vya hesabu za shule. Ya Kijerumani ni toleo dogo la Fischer la 1955, lililoachwa na mtalii katika chumba cha hoteli huko Diani, nami nikauziwa kwa bei ya soda mbili. Ya Kiitalia, ya Einaudi, ilitoka Malindi, ambako Wataliano wamelowea miaka mingi, na mmoja wao anapouza vyombo vya nyumba yake vitabu huuzwa kwa magunia. Ya Kifaransa, ya Calmann-Lévy, nilibadilishana na baharia mmoja Mngazija kwa diwani ya mashairi, na hadi leo kila mmoja wetu anaamini alimpunja mwenzake. Sisi watu wa pwani tumezoea kuokota kilicholetwa na maji.

Ama chapa ya kwanza kabisa, ya Kiholanzi, iliyotoka Amsterdam tarehe 25 Juni 1947, sinayo wala sitarajii kuwa nayo. Zilipigwa nakala elfu tatu na ushei tu, na chache zilizosalia hununuliwa na matajiri kwa fedha ambazo kwetu zingetosha mahari ya mabinti watatu.

Kwa asiyemjua mwenye kitabu: Anne Frank alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, baba yake, Otto Frank, akaihamishia jamaa yake Amsterdam. Wajerumani wakaivamia Uholanzi mwaka 1940. Siku binti alipotimiza miaka 13, mwaka 1942, alipewa daftari la kuandikia shajara, yaani kumbukumbu zake za kila siku. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Julai, wakajificha katika vyumba vya nyuma vya jengo la biashara ya baba, nambari 263 kwenye mfereji wa Prinsengracht. Humo wakawa watu wanane kwa zaidi ya miaka miwili, wakinong'ona na kunyata mchana kutwa ili wafanyakazi wa chini wasiwasikie. Tarehe 4 Agosti 1944 wakakamatwa. Anne na dada yake Margot walikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945. Katika wale wanane alirudi mmoja tu, naye ni baba. Karatasi za binti ziliokotwa sakafuni na Miep Gies, mwanamke aliyekuwa akiwaletea chakula, akazitia katika mtoto wa meza bila ya kuzisoma, na yalipothibiti mauti akamkabidhi baba mtu.

Sasa nije kwenye kusudio langu.

Chuoni tulifundishwa kwamba habari ina mambo mawili: kuna matini, yaani maneno yenyewe, na kuna isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana. Habari tamu yenye isnadi mbovu huwekwa kando. Nami nilipoanza kuulizia kitabu hiki kilitoka wapi, nilikuta kina isnadi ndefu kuliko nilivyodhani, na kila mpokezi ameacha alama ya kidole chake.

Alama ya kwanza ni ya binti mwenyewe. Tarehe 28 Machi 1944 alimsikia waziri Bolkestein wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni akisema redioni, kutoka London, kwamba vita vikimalizika shajara na barua za raia zitakusanywa ziwe ushahidi. Anne akaamua kuiandika upya shajara yake kwenye karatasi mbalimbali, akipunguza hapa na kuongeza pale, ili iwe kitabu. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna nuskha mbili kwa mkono wake: ya daftari na ya karatasi. Ya tatu ni ya baba, aliyezichanganya hizo mbili baada ya vita. Naye akaondoa baadhi ya maneno makali ambayo binti aliandika juu ya mama yake, na juu ya watu waliokuwa wamejificha pamoja nao. Mama huyo alikuwa amekufa Auschwitz, Januari 1945. Mimi simlaumu Otto Frank kwa hilo. Kumsitiri maiti ni wajibu, na mume ana haki ya kumsitiri mkewe.

Kisha akaja mchapishaji wa Kiholanzi na aibu zake. Binti alikuwa ameandika juu ya mabadiliko ya mwili wake, kama aandikavyo mwari yeyote asiyekuwa na wa kumuuliza. Mchapishaji akataka maneno hayo yatoke. Nilicheka niliposoma habari hiyo, kwani sisi tuliosoma Safina tulikuwa watoto wadogo, sauti hazijavunjika, mwalimu akitusomesha hukumu za hedhi mbele ya kila mtu, wala dari haikuanguka. Ajabu ni kwamba maneno yale yaliyokatwa katika Kiholanzi yalibaki katika tafsiri ya Kijerumani ya 1950 na ya Kiingereza ya 1952. Basi kwa miaka mingi msomaji wa Mombasa mwenye kitabu cha Pan alikuwa akisoma mengi zaidi kuliko Mholanzi aliyesoma kwa lugha ya binti mwenyewe. Asiyelinganisha matoleo hawezi kulijua jambo hili. Hudhani tafsiri daima ni kivuli na asili ndiyo mti.

Lakini kitabu kilichonikosesha usingizi ni kile cha soda mbili.

Kijerumani sikijui. Alinisomea kijana mmoja wa Diani aliyekipata kwa kuwatembeza watalii ufukweni, nami nikishika mkononi toleo la uhakiki, lile kubwa la kitaalamu lililotolewa kwa Kiholanzi mwaka 1986 na kwa Kiingereza mwaka 1989, ambalo limepanga nuskha zote tatu sambamba ukurasa kwa ukurasa, na mbele yake lina maelezo juu ya tafsiri. Tulikaa siku tatu. Tafsiri ile ni ya Anneliese Schütz, mwandishi wa magazeti, Myahudi mkimbizi kutoka Ujerumani aliyefahamiana na jamaa ya Frank. Ilichapishwa kwanza na Lambert Schneider wa Heidelberg mwaka 1950, nakala elfu chache, na Fischer alipoitoa kwa bei nafuu mwaka 1955 ikasambaa Ujerumani nzima kwa mamia ya maelfu.

Tukafika mahali ambapo Anne ametunga, kwa mzaha, kanuni za maficho yao. Katika Kiholanzi asema kila mtu lazima aongee taratibu, na lugha zote za watu wastaarabu zaruhusiwa, hivyo Kijerumani hakimo. Katika Kijerumani kanuni imekuwa kwamba lugha zote za wastaarabu zaruhusiwa, ila ziongewe taratibu. Yule kijana akasoma mara mbili. Akaniangalia. "Ami, utani wenyewe uko wapi?" Utani ulikuwa umebaki Amsterdam.

Mahali pengine, katika Oktoba 1942, binti anasema kwa uchungu kwamba duniani hakuna uadui mkubwa kuliko uliopo baina ya Wajerumani na Mayahudi. Schütz akaongeza neno moja. Katika tafsiri yake uadui ni baina ya Wajerumani hawa na Mayahudi. Hawa! Neno dogo lisilojaza hata nusu ya pumzi. Lakini kwa neno hilo mlango umefunguliwa, na kila Mjerumani aliyeketi na kitabu mwaka 1955 angeweza kutoka salama: hao ni Wajerumani hawa, wale wabaya, si mimi. Jambo hili lilipofichuliwa na gazeti la Der Spiegel mwaka 1959, mfasiri alijitetea kwamba kitabu kinachotakiwa kiuzwe Ujerumani hakiwezi kuwatukana Wajerumani. Na Otto Frank aliridhia neno lile, kwa hoja kwamba binti yake alikuwa na marafiki wa Kijerumani na hakuwakusudia wote.

Hapo baba nampinga. Mke wake alikuwa na haki ya kumsitiri. Wauaji wa mke wake hakuwa na haki ya kuwapunguzia maneno ya aliyekufa, ijapokuwa aliyekufa ni mwanawe. Amana haikuwa yake peke yake.

Nasema hivi nikijua ninachosema, kwa sababu nami nimewahi kutia "hawa" yangu.

Nilikuwa kijana katika kazi ya uandishi, miaka ya tisini. Mzee mmoja alikuwa amehamishwa kiamboni kwake, minazi yake ikakatwa, na waliomhamisha walitoka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilimwendea akanieleza kwa Kiswahili cha kwao, kizito chenye chumvi, nami kazi yangu ilikuwa kukisanifisha kiingie gazetini. Alisema: watu wa ofisi ile wamenikatia minazi yangu. Mimi nikaandika kwamba baadhi ya watu wa ofisi hiyo walidaiwa kukata minazi. Niliogopa, nami nilijiambia kuwa ni hekima. Gazeti lilipotoka nikampelekea, akasomewa na mjukuu wake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Hilo baadhi kalisema nani?" Sikuwa na jibu. Alifariki kabla kesi yake haijasikizwa, na ushahidi wake uliobaki kwa maandishi ni ule wangu, wenye baadhi ndani yake.

Basi kila nikishika kile kitabu cha Fischer namwona mzee yule.

Na kila jioni nisikilizapo habari za Gaza nasikia jambo lile lile. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri habari hupokea maandishi kutoka mashirika ya Ulaya, nayo mara nyingi yasema watu kadhaa wamefariki baada ya jengo kuporomoka. Jengo limeporomoka! Kama embe iliyowiva. Mfasiri akiwa na haraka huandika "wamefariki" kwa sababu ndilo neno la adabu kwetu, na kwa adabu hiyo aliyerusha bomu hutoweka katika sentensi. Upande wa pili vilevile: nimewasikia wenzangu wakisimulia tarehe 7 Oktoba 2023 kana kwamba hao takriban watu 1,200 waliouawa Israeli siku ile, wengi wao raia, walikufa kwa homa. Neno ni lile lile na ulegevu ni ule ule. Kulinganisha matoleo ya zamani ya shajara hii kumenifunza kuyashika maneno hayo kwa vidole viwili na kuyatazama kwanza, kabla ya kuyapeleka kwa msomaji. Mzee wangu wa barazani, hiyo ndiyo nusu ya jibu lako.

Nisije nikawafanya wafasiri wote kuwa wakosa. Bila ya Mfaransa, kwa mfano, Mwamerika asingekijua kitabu hiki upesi. Wachapishaji kadhaa wa Marekani walikwisha kukikataa. Tafsiri ya Kifaransa ya Tylia Caren na Suzanne Lombard ilikuwa tayari mwaka 1950, na nakala yake ikatupwa katika rundo la vitabu vilivyokataliwa, katika ofisi ya Doubleday mjini Paris. Msichana mmoja mfanyakazi, Judith Jones, akavutwa na picha ya binti jaladani, akaketi kusoma, na jua likachwa yumo machoni mwake machozi. Akamwambia mkubwa wake kitabu hiki lazima kiende New York. Kilitoka huko mwaka 1952, kwa tafsiri ya Bi Barbara Mooyaart-Doubleday, Mwingereza aliyeolewa Uholanzi, ambaye jina lake na la kampuni yamefanana kwa sadfa tu. Marekani kikanunuliwa kama mkate wa asubuhi. London, mwaka huo huo, tafsiri ile ile iliuzwa kwa shida na muda si muda haikuchapwa tena, hadi Pan walipoitoa kwa bei ya chini mwaka 1954. Ndiyo hiyo yangu. Kwa nini Waingereza hawakuitaka mwanzoni, watajua wenyewe. Nadhani walikuwa wamechoka na vita, na mtu aliyechoka hapendi kuambiwa kulikuwa na mwenye kuchoka zaidi.

Tafsiri ya Kiitalia, ya Arrigo Vita, iliyotoka mwaka 1954, ina dibaji ya mwandishi Natalia Ginzburg. Dibaji nyingi huandikwa na watu wakubwa ambao kitabu hawakukihitaji. Huyu alikihitaji. Mumewe, Leone Ginzburg, alikuwa Myahudi mpinzani wa Mafashisti, naye alikufa kwa mateso mikononi mwa Wajerumani katika gereza la Roma, Februari 1944. Kwa hiyo aliyemfungulia binti mlango wa lugha ya Kiitalia ni mjane. Yule Mtaliano wa Malindi aliyeuza vitabu kwa gunia sijui kama aliwahi kuisoma.

Ujapani nako kitabu kiliingia mwaka 1952, kikapewa jina lenye maana ya nuru hafifu, kikapendwa mno na mabinti wa nchi iliyokuwa ikifukua maiti wake wenyewe. Warusi walikingoja hadi 1960, kwa tafsiri ya Rita Rait-Kovaleva na dibaji ya Ilya Ehrenburg, mtu ambaye kitabu chake kikubwa cha ushahidi wa mauaji ya Mayahudi kilikuwa kimezuiliwa na serikali yake mwaka 1948. Hizi mbili sinazo. Baharia wangu Mngazija ameahidi kuulizia.

Na jina lenyewe la kitabu lina kisa. Anne alikwisha kulichagua: Het Achterhuis, nyumba ya nyuma. Nyumba za mifereji ya Amsterdam ni nyembamba na ndefu, zina sehemu ya mbele inayotazama maji, na sehemu ya nyuma isiyoonekana na mpita njia. Waingereza na Wafaransa hawakuwa na neno la karibu, wakalitupa jina, wakaandika shajara ya msichana au shajara ya Anne Frank. Wahispania mwaka 1955 walijaribu: wakakiita vyumba vya nyuma. Nami kila nikilitazama jina hilo nawaza kwamba Mswahili asingepapasa hata kidogo. Tunayo uani. Nani kwetu asiyejua tofauti ya barazani na uani, na kwamba mambo ya uani hayaonekani na apitaye njia? Mahali pa nakala ya Kiswahili kabatini mwangu pako wazi, lakini jina lake nimeshaliandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika hapo.

Siku hizi kila mtu anamtaka binti huyu awe wakili wake. Mwaka 2022 huko Keller, Texas, na mwaka 2023 huko Vero Beach, Florida, kitabu cha picha kilichotungwa kutokana na shajara yake kiliondolewa rafuni mwa maktaba za shule; mlalamiko wa Florida ulikuwa juu ya yale yale mambo ya mwari yaliyomtia haya mchapishaji wa Amsterdam. Tazama jinsi aibu inavyoishi umri mrefu kuliko watu. Mwaka 2023 shule ya chekechea katika mji wa Tangerhütte, Ujerumani, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Anne Frank, ilitaka kulibadilisha, ikaghairi baada ya zogo kubwa. Na Julai na Agosti 2024 sanamu yake, iliyoko katika kiwanja mbele ya nyumba waliyoishi kabla ya kujificha, ilipakwa rangi na kuandikwa jina la Gaza. Najua hasira iliyoshika brashi ile, kwa kuwa nami ninayo. Lakini ile ni sanamu ya mtoto wa miaka 15 aliyekufa kwa maradhi na njaa nyuma ya seng'enge, miaka mitatu kabla dola ya Israeli haijaundwa mwaka 1948. Wanaompaka rangi na wanaombeba kama ngao ya mabomu wanafanana kwa jambo moja, kwamba hawajamsoma.

Wako pia miongoni mwetu wanaonong'ona kwamba kitabu ni cha kubuni, baba mtu alikitunga. Nimeyasikia hayo mpaka msikitini, kutoka kwa watu wanaoswali. Maneno hayo hayakuanza kwetu; yalianza Ulaya kwa watu waliotaka kumsafisha Hitler, na Otto Frank aliwashitaki baadhi yao tangu mwaka 1959. Alipofariki mwaka 1980 aliuachia urithi wa hati zote taasisi ya serikali ya Uholanzi inayohifadhi kumbukumbu za vita. Wataalamu wa mahakama wakaipima karatasi, wino, gundi na khati, wakalinganisha na barua alizoandika Anne kabla ya kujificha, na matokeo yake yakachapwa katika lile toleo la uhakiki la 1986: mwandiko ni wake. Sisi ambao dini yetu imehifadhiwa kwa kupima wapokezi mmoja mmoja tungekuwa wa mwisho kuikataa isnadi iliyopimwa namna hii kwa sababu tu hatumpendi anayeitumia leo.

Na Mpalestina anayeandika leo atapita njia hii hii. Atef Abu Saif alikuwa Gaza vita vilipoanza, akaandika siku baada ya siku, na shajara yake ikachapishwa Uingereza vita vingali vinaendelea. Zitakuja tafsiri, na kila mji utakuwa na mchapishaji mwenye kuona haya, na mfasiri mwenye kutafuta kijineno cha kumwokoa msomaji wake. Natamani mtu awe anaziweka chapa za kwanza. Akiwa hana pesa, basi azitafute mahotelini.

Nimerejea kwa mzee wangu. Alasiri moja nilimwendea na kile kitabu cha Pan, nikamwambia sikuja kumjibu kwa hoja bali kumsomea ukurasa. Nilichagua Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944. Nilimfasiria moja kwa moja kwa Kiswahili: binti anasema jua linawaka, mbingu ni samawati iliyokolea, upepo ni mzuri, naye yumo ndani akizunguka kutoka chumba hadi chumba na kuvuta pumzi penye ufa wa dirisha, akivitamani vitu vyote. Hapo nikakwama. Nikasema hamu, nikajirudi nikasema shauku. Mzee akanikatiza: "Hamu ni ya kitu ukijuacho. Huyu ajua alitakalo?" Nikamwambia mwenyewe asema hajui. "Basi ni shauku. Endelea."

Nilipomaliza akaniuliza tarehe mara ya pili. Kisha akanieleza jambo nililokuwa nikilijua vitabuni tu. Baba yake alikuwa hamali bandarini Kilindini wakati wa vita. Mapema Februari 1944 walipakia shehena ya meli iitwayo Khedive Ismail, iliyowachukua askari wa Afrika Mashariki, wengi wao wa kikosi cha mizinga, na wauguzi wanawake, kwenda Colombo. Ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walikaribia 1,300, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo, tarehe 12. Katika askari wale, alisema mzee, palikuwa na mmoja aliyemwachia baba yake kofia amwekee mpaka arudi. Kofia ilikaa nyumbani kwao hadi ikaliwa na mende.

"Na hao," akaniuliza, "hakuna aliyeandika?"

Nikanyamaza. Akaunyosha mkono, akakichukua kitabu kutoka mapajani mwangu, akakifungua kwa kukisia akakiweka karibu na macho, ingawa Kiingereza hakisomi. Akasema mjukuu wake atamsomea yaliyobaki.

Hiyo ilikuwa Rajabu. Kitabu kingali kwake, nami sijamdai.